Sura ya Saba: Joto la Marehemu Makoye

"Lete huo wino, Sajini," alisema Kamili. "Dole gumba langu hili hapa. Andika nimeua, tumalize."

Alikuwa ameketishwa kwenye sakafu ya ofisi ya kijiji cha Igalamya, mikono imefungwa mbele kwa kamba ya katani, shati lake lina damu iliyokauka kifuani. Alikuwa mkulima wa pamba, mrefu wa mifupa mikubwa, miaka kama thelathini. Mbele yake, juu ya kigoda, Sajini Tarsisi wa kituo cha Tinde alikuwa na karatasi magotini. Saa yake ya mkononi ilionyesha saa sita na robo mchana.

"Asubuhi ulisema hukuua."

"Asubuhi nilikuwa sijasikia haya." Kamili aliinua kidevu kuelekea dirishani. Nje, vijana wa ukoo wa marehemu walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa kisima, wanaongea Kisukuma kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa. "Wanasema nisipokiri, nyumba ya mama itawaka leo leo. Mama yuko hoi kitandani, Sajini. Hata kujikokota mlangoni hawezi. Nikikiri watakuwa wamepata walichokitaka, watamwacha."

"Ukikiri utanyongwa."

"Basi ninyongwe mimi, asiungue yeye."

Tarsisi alifungua daftari lake ukurasa wa asubuhi, ingawa kila neno alilijua kwa moyo. Makoye, karani wa mizani wa chama cha ushirika, msimu wa kununua pamba hulala ndani ya ghala. Leo Jumatano saa moja asubuhi amekutwa ndani ya rundo la pamba, kisogo kimepasuliwa kwa jiwe la mizani, lile la chuma. Aliyemkuta ni Kamili, aliyefika na mkokoteni wake wa ng'ombe tangu saa kumi na moja alfajiri ili awe wa kwanza kwenye foleni. Na Kamili huyohuyo, Jumamosi iliyopita, mbele ya watu hamsini, alirudishwa na Makoye kwa maneno makali: "Pamba yako ina maji. Kaianike." Akaondoka anaapa.

Wanakijiji walianza kwa kumkamata mchimbaji mmoja wa dhahabu, mpita njia anayeelekea Geita na karai lake kichwani. Walimwachia alipotoa tikiti ya basi la alfajiri ile. Wakamgeukia Kamili.

Lakini kilichomfunga Kamili kabisa kilikuwa ni joto. Ansgar, dresa wa zahanati ya kijiji, alimpima marehemu saa moja na nusu akapata digrii thelathini na sita. Mtu hai mwenye afya ana thelathini na saba, na maiti hupoteza kama digrii moja kila saa. Kwa hesabu hiyo Makoye alikuwa hai mpaka alfajiri, na alfajiri ghalani hakukuwa na mwingine. Tarsisi alifika kwa baiskeli saa mbili na nusu, akakuta maiti ameshachukuliwa nyumbani kwao juu ya kitanda, akafunuliwa shuka usoni mara moja tu. Akaandika: *aliuawa baada ya saa kumi na moja alfajiri*. Akatia sahihi. Ripoti ikapanda basi kwenda Shinyanga, na saa tisa Inspekta Cornel angekuja na Landrova kumchukua mtu wake.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Tinde, hospitalini na mama. Toka saa nane mchana hadi saa tano usiku. Sista kaandika kwenye daftari lake. Itanisaidia nini? Nyie mnasema alfajiri."

"Nieleze tena ulivyomkuta."

Kamili alipumua. "Nilikuta mlango umerudishiwa tu. Nikapiga hodi, kimya. Nikakaa nje mpaka kukapambazuka. Nilipoingia nikaona kandambili chini ya rundo. Nikaivuta, ikaja na mguu. Nikauvuta mguu, akaja mtu mzima mzima kama gogo. Goti limekunjwa hivi, na likabaki hivi. Nikamkumbatia nimkalishe, hakaliki. Hapo ndipo damu iliponipata."

"Hakaliki?"

"Mgumu kama mpini wa jembe."

Tarsisi alifunga kizibo cha wino polepole. Karatasi akaikunja mara nne, akaitia mfukoni ikiwa tupu.

"Dole lako kaa nalo mpaka saa tisa," alisema.

* * *

Ansgar alikuwa anafunga kidonda cha mama mmoja barazani. Tarsisi alisubiri fundo la mwisho, kisha akamvuta ndani.

"Ulimpima wapi Makoye?"

"Kwapani, Sajini. Sehemu gani nyingine mbele za watu?"

"Mkono wake uliuinua vipi?"

Dresa alisita. Alikuwa kijana mwenye uso wa adabu, aliyesoma miaka miwili ya udaktari mdogo na kuiheshimu miaka hiyo kuliko mboni ya jicho. "Mkono ulikataa. Nililazimisha. Nilidhani ni baridi ya asubuhi."

"Baridi ya asubuhi na mwili wa digrii thelathini na sita?"

Ansgar alikitazama kipimo chake kilicholala mezani.

"Kwenye kitabu chenu," Tarsisi aliendelea, "mtu akifa, hukakamaa baada ya muda gani?"

"Huanza saa mbili, tatu hivi. Mwili mzima ni saa sita, hata kumi na mbili."

"Na wewe ulimpima baada ya saa ngapi, kwa hesabu yako?"

Mama mwenye kidonda alichungulia mlangoni, akaona nyuso zao, akajiondokea bila hata kuaga.

"Nilitazama kipimo tu," alisema Ansgar kwa sauti ndogo. "Kipimo kilisema vizuri."

"Hata mimi nilikisikiliza kipimo. Chukua kipimo chako hicho, twende. Mtu anazikwa saa kumi."

* * *

Nyumbani kwa wafiwa walikuta uwanja umejaa. Mzee Maganga, baba wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni, fimbo ameishika kwa mikono miwili. Tarsisi alivua kofia.

"Shikamoo, mzee. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Muuaji si unaye?"

"Ninaye mtu, mzee. Sijui kama ninaye muuaji. Naomba nimwone Makoye."

"Ulimwona asubuhi."

"Sikumwona. Nilimwangalia tu."

"Mwanangu ameshaoshwa!" Fimbo ya mzee iligonga kizingiti. "Ameshavikwa sanda. Unataka kumvua nguo mbele ya mama yake? Nenda kamfunge uliyemfunga. Vijana wangu wamekwenda kule kwa Generoza, mama yake huyo Kamili, kusubiri neno langu, na neno langu liko karibu. Usinicheleweshe!"

Tarsisi alitazama saa. Saba kasoro dakika kumi. Hakuwa na konstebo hata mmoja wa kumtuma kwa mama wa Kamili. Hakuwa na kibali cha hakimu wala cha daktari. Alichokuwa nacho ni kofia yake mkononi.

"Mwacheni apite nyuma kwangu," ilisema sauti ya kike. "Amekuja kwangu, si kwa maiti."

Alikuwa Mektilda, bibi mfupi mwenye kanga iliyofungwa kifuani, mikono bado inanuka mafuta ya samli na sabuni. Kwa miaka arobaini, mtu akifa Igalamya, ni yeye huitwa kuosha, kufunga taya na kunyoosha miguu kabla ya sanda. Mzee Maganga alimtazama, akageuza uso pembeni. Hakukuwa na mtu kijijini wa kubishana na Mektilda, kwa sababu kila mtu alijua ipo siku atalala mbele yake.

Nyuma ya nyumba, karibu na karai la maji yaliyopoa, bibi alikaa juu ya kinu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu ndiye dresa? Kaeni. Mnatafuta nini kwa mtu wangu?"

"Saa aliyokufa," alisema Tarsisi.

Bibi alicheka bila furaha. "Kitendawili."

"Mama, sina muda wa—"

"Kitendawili!"

"Tega," alisema Tarsisi, akauma meno.

"Mgeni wangu haombi kiti wala maji. Huingilia mlango wa juu, hutokea mlango wa chini. Chumba anachopita hukifunga. Akitaka kuondoka, hufungua kwa mpango uleule aliofungia."

Ansgar alimtazama Tarsisi. Tarsisi aliitazama saa. Sekunde zilikuwa zinakwenda mbio.

"Hatujui, mama."

"Nipeni mji."

"Chukua Shinyanga."

"Shinyanga nikafanye nini, na maji yenyewe huko ni ya kupigania? Haya, nimechukua. Mgeni ni huko kukakamaa. Huanza hapa." Alishika taya lake mwenyewe. "Kisha shingo. Kisha mikono. Mwisho miguu. Ndiyo maana nikiitwa mapema naanza kufunga taya, nikichelewa nakuta mtu amekenua. Na akiondoka, huanza tena tayani. Nyie wasomi mnauliza kama maiti amekakamaa au hajakakamaa. Mimi nauliza mgeni anaingia au anatoka."

Tarsisi aliacha kuitazama saa.

"Makoye ulimwosha saa ngapi?"

"Jua liko hapa." Mkono wa bibi ulionyesha mashariki, juu kidogo ya paa. Saa nne. "Na nikakuta jambo lililonishangaza. Niliambiwa kafa alfajiri. Nikashika taya ili nilifunge: laini. Shingo: laini. Nikasema vizuri, mgeni hajaingia. Nikashika miguu nimnyooshe: chuma! Nilimwagia maji ya moto, nikamsugua samli, mpaka jasho likanitoka. Goti halikukubali."

"Juu laini, chini pagumu," alinong'ona Ansgar.

"Sasa, dresa, nijibu. Mgeni anayeingia hufunga juu kwanza. Huyu juu kumefunguliwa, chini kumefungwa. Alikuwa anaingia au anatoka?"

"Anatoka," alisema Ansgar. "Alikuwa ameshakaa, sasa anatoka. Hata mahali pa joto, ambapo mambo huenda haraka, si chini ya saa kumi na mbili. Zaidi. Sajini, mtu huyu alikufa jana!"

"Mgongo wake ulikuwaje, mama?"

"Mweusi wa zambarau, toka mabegani hadi matakoni. Nikadhani amepigwa. Nikabonyeza kwa dole, rangi haikukimbia. Damu ilikuwa imeshatua, ikalala palepale."

"Niruhusu nione tumbo lake. Tumbo tu."

Bibi alisimama kwa kujishika kiuno. Aliingia kwanza yeye, akazungumza na mama wa marehemu kwa Kisukuma, maneno machache ya chini. Kisha akawaita. Alifunua sanda kiasi cha kiganja, upande wa kulia chini ya kitovu, na kwa mkono wa pili akaushika mkono wa mama wa marehemu asigeuke kutazama. Hapo penye ngozi palikuwa na doa la kijani, ukubwa wa jani la mchicha.

"Saa nne halikuwepo," alisema Mektilda.

Ansgar aliitikia kwa kichwa tu. Hata yeye hilo alilijua: mtu aliyekufa alfajiri hawezi kuwa na kijani hicho saa saba mchana.

Walipotoka, bibi alikuwa anajifunga kanga ya pili. Tarsisi alimuuliza anakwenda wapi.

"Kwa Generoza. Nimesikia vijana wako kule na mafuta ya taa. Nitakaa mlangoni pake. Wakitaka kuchoma wanichome na mimi, tuone nani atakuja kuwaosha wao."

* * *

Lilibaki lile joto. Ukakamavu ulisema jana, kijani kilisema jana, na kipimo cha Ansgar kilisema leo. Inspekta Cornel alikuwa mtu wa vipimo. Asingemwachia mtu kwa kitendawili cha bibi.

Katibu wa chama, Donatus, ndiye mwingine mwenye ufunguo wa ghala. Aliwafungulia bila haraka. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, macho ya mtu ambaye hakulala.

"Jana mara ya mwisho ulimwona Makoye saa ngapi, Ndugu Katibu?"

"Nilishakuambia, Sajini. Saa tatu usiku tulikula pamoja nyumbani kwangu. Kisha akaja kulala humu."

"Mlikula nini?"

"Ugali. Mlenda na dagaa." Alijibu upesi. "Alikula sana. Aliongeza."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Tulikuwa wawili. Mke wangu yuko kwao, Bukombe."

Rundo la pamba lilijaza nusu ya ghala, kimo cha mtu na zaidi. Shimo alimochomolewa Makoye lilikuwa limejifunika lenyewe. Tarsisi alikunja mkono wa shati, akauingiza.

Juu palikuwa baridi. Kiwiko kilipozama, akahisi vuguvugu. Bega lilipofika kwenye pamba, alichomoa mkono kwa haraka kama aliyegusa sufuria. Akaunusa. Harufu ya uchachu, kama togwa ya jana.

"Usiichafue pamba ya chama," alisema Donatus nyuma yake.

"Ansgar. Kipimo. Palepale alipolala."

Dresa alikizamisha, akahesabu dakika tatu kwa midomo. Alipokitoa alikisoma mara mbili. "Thelathini na saba na nusu."

"Zamisha zaidi."

Hakuzimaliza dakika mbili. Alikichomoa kwa hofu, zebaki imesimama mwisho kabisa wa mstari. "Arobaini na mbili, na ilikuwa bado inapanda! Sajini, kitapasuka, na ninacho hiki kimoja tu."

Tarsisi alichota pamba ya ndani kiganja kizima. Ilikuwa ya manjano, imegandamana. Ndani yake mbegu zilikuwa zimechipua vijimizizi vyeupe kama meno ya panya.

Makoye asingepoa. Angelala humo siku mbili, angetoka na joto la mtu mwenye afya. Digrii ile moja aliipoteza nje, akiwa amelazwa kwenye baridi ya asubuhi wakati watu wanamngoja dresa.

"Pamba hii ina nini?" aliuliza.

"Sijui," alisema Donatus. "Pamba ni pamba. Huwa na joto."

Nje Landrova ilipiga honi.

* * *

Inspekta Cornel hakukaa. Alisimama mbele ya ghala, ripoti mkononi. Uwanja mzima ulikuwa umehamia hapo: wakulima na mikokoteni yao, wafiwa, mzee Maganga na fimbo yake. Kamili aliletwa na kamba yake, akaangalia chini.

"Sajini, mtu yuko tayari?"

"Afande, mtu siye. Makoye aliuawa jana jioni. Saa hizo Kamili alikuwa Tinde, ameandikwa."

"Hapa imeandikwa alfajiri. Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu, Afande. Nilikosea."

Minong'ono ilipita uwanjani. Tarsisi alieleza kwa ufupi: taya na miguu, mgongo, kijani cha tumbo. Kisha joto la rundo. Ansgar aliinua kipimo chake, akasema namba mbele ya wote, na sauti haikumkatika. Inspekta alisikiliza hadi mwisho.

"Ya mwili nimeyasikia," alisema. "Lakini hakimu ataniuliza swali moja. Pamba kavu haichemki. Kwa nini hii inachemka?"

Tarsisi aliwageukia wakulima. "Ndugu zangu, mmesikia swali. Nani anijibu?"

Watu sabini walitazama vidole vya miguu yao. Mmoja alijipangusa pua. Wote walijua, na Tarsisi alijua wanajua, kwa kuwa hakuna nyumba ya mkulima wilaya nzima ambayo haijawahi kunyunyizia pamba maji usiku wa kuamkia soko ili mizani ishuke vizuri. Lakini anayelisema hilo mbele ya katibu wa chama na polisi amejifungia soko la msimu mzima, yeye na watoto wake.

"Nawaomba," alisema Tarsisi, na sauti yake kwa mara ya kwanza siku ile haikuwa ya polisi. "Mnamtazama mtu akienda kunyongwa kwa ajili ya debe la maji."

Kamili aliinyoosha mikono yake iliyofungwa kuelekea kwa Inspekta. "Mzee, leta wino tu. Hawa wana watoto. Siwalaumu."

"Weka mikono chini, Kamili!"

Aliyepiga kelele alikuwa Nyamizi, mjane wa mtaa wa chini, mwanamke mwembamba mwenye jembe begani kama bunduki. Alipenya mpaka mbele.

"Tunatia maji," alisema. "Haya, nimesema. Sote. Nawe Masanja, usinikodolee macho, jirani, debe lako nilikuazima mimi. Lakini ukitia maji lazima uuze siku ileile. Ikilala siku mbili inachemka kama pombe. Makoye hakuwa anaipokea. Alikuwa anatia mkono mpaka chini, akisikia unyevu, anakurudisha kama alivyomrudisha Kamili."

"Basi iliingiaje ghalani?" aliuliza Inspekta.

Nyamizi alishusha jembe begani. "Jumapili. Makoye alikuwa misani. Kuna mwingine ana ufunguo. Alitupokelea sisi wachache, jamaa zake na mimi. Nililia njaa kwake, akanihurumia. Niseme kweli, alinihurumia." Akanyoosha kidole. "Donatus. Juzi Jumatatu aliniambia nifunge mdomo, Makoye ameanza kunusa uchachu, anataka rundo lote litolewe nje lianikwe mbele ya mkutano."

Donatus alicheka kidogo. "Mwanamke huyu ana wazimu. Sajini, mimi nilikula na marehemu saa tatu usiku. Nitamlishaje mtu niliyekwisha kumuua?"

"Hilo ndilo nilitaka kukuuliza," alisema Tarsisi. "Alikula kwa taya lipi? Kwenye joto lile, aliyeuawa jioni ikifika saa tatu taya lake limeshafungwa. Hata Mektilda na maji yake ya moto asingelifungua kwa tonge moja. Na wewe unasema aliongeza."

Watu walimsogelea Donatus bila mtu kuwaamuru. Kalamu moja ilimponyoka mfukoni ikaanguka mchangani, akainama kuiokota kama kwamba ndiyo jambo kubwa la siku ile. Hakuinuka. Alibaki amechutama, mkono juu ya kalamu.

"Alishaanza kuitoa," alisema akiwa chini. "Peke yake. Saa kumi na moja jioni. Nilimwambia ngoja tuzungumze. Alinigeuzia mgongo, anachota tu, anachota. Jiwe lilikuwa pale juu ya mizani." Akaipangusa kalamu mchanga. "Nilimfunika ili asionekane mpaka nifikiri. Sikujua habari za joto. Asubuhi dresa aliposema ana joto, nikaona kama Mungu amenisamehe."

Inspekta alimpa dereva pingu. Kisha akamgeukia Tarsisi, akamrudishia ripoti ile.

"Andika chini yake kwamba ulikosea, na saa uliyokosea, na utie sahihi. Unajua kitakachofuata."

"Najua, Afande."

"Ungemtazama maiti asubuhi, tusingefika hapa."

"Najua, Afande."

Tarsisi aliandikia juu ya boneti, haraka, kwa sababu Kamili alikuwa anamngoja amkate kamba. Kamba ilipoanguka, Kamili hakuuliza kitu kingine. "Mama?"

Wote waligeuka magharibi. Mzee Maganga ndiye aliyeanza kukimbia, mzee mzima, fimbo imeachwa chini, akiyaita majina ya vijana wake moja baada ya jingine. Kamili alimpita kabla ya kona. Watu walisimama wakikodoa macho juu ya miti ya minyaa, mbali, kwenye paa la nyasi la Generoza. Hapakuwa na moshi. Baada ya kitambo, ikasikika sauti ya Mektilda akimfokea mtu.

Saa kumi walimzika Makoye. Goti lake lilikuwa limekubali, akalala amenyooka.

Wakulima walirudi mmoja mmoja na mikokoteni yao, pamba haijanunuliwa. Uwanjani ulibaki mkokoteni wa Kamili, wa kwanza kwenye foleni, ng'ombe wake wawili wamesimama na nira tangu alfajiri bila maji. Tarsisi aliwafungua, akawachotea kisimani. Kisha, kabla ya kupanda baiskeli yake, alikunja mkono wa shati akauzamisha kwenye pamba ya Kamili mpaka begani.

Ilikuwa kavu. Ilikuwa baridi mpaka kwenye mbao. Mtu alikuwa ameianika siku nne kama alivyoambiwa, na aliyemwambia hakuwepo tena kuipima.